Kumlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kingono: mwongozo kamili kwa mzazi na mlezi

Wazazi wengi wanaojaribu kuwalinda watoto wao dhidi ya ukatili wa kingono hukwama mahali palepale. Humkalisha mtoto chini mara moja, humwonya asipokee pipi wala lifti kwa mtu asiyemfahamu, kisha huona kwamba kazi imekwisha. Kesho yake mtoto yuleyule anaachwa mchana kutwa na kijana wa jirani kwa sababu "ni kama ndugu", na usiku analazwa kitanda kimoja na mgeni aliyefika kutoka kijijini. Onyo lenyewe si baya, ila haligusi pale hatari ilipo, kwa kuwa wanaowadhuru watoto kwa sehemu kubwa ni watu ambao mtoto anawafahamu na familia inawaamini: ndugu, jirani, mwalimu, mchumba wa dada, au mtoto mkubwa wa nyumba hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unauweka mzigo kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hawezi kumshinda mtu wa miaka 30 kwa nguvu wala kwa hila. Anachoweza ni kukataa, kukimbia na kusimulia, na hata hayo hutegemea kama yupo wa kumsikiliza. Kupunguza nafasi za mtu kumpata mtoto peke yake ni kazi yako. Taratibu za sheria zilizotajwa humu ni za Tanzania Bara.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari na kalamu. Utaandika majina, saa na mahali, na baadaye, ikibidi, maneno ya mtoto.
- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi yake ya kliniki, pamoja na nakala. Katika makosa ya kingono dhidi ya mtoto, umri wa mtoto ni jambo la kuthibitishwa mahakamani, na zipo kesi zinazodhoofika kwa sababu umri haukuthibitishwa ipasavyo.
- Namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake: namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure, kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, na hospitali ya karibu, hasa ikiwa ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tiba, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.
- Komeo la ndani la mlango wa bafu na choo, taa ya uani, na godoro au mkeka wa ziada.
- Mtu mzima mmoja asiyeishi nyumbani kwako, ambaye mtoto anampenda na ambaye wewe unajua kwamba hawezi kulificha jambo ili kulinda heshima ya ukoo. Huyu ndiye mgumu kumpata kuliko vyote vilivyotajwa.

## Hatua ya 1: Andika siku nzima ya mtoto

Chukua siku moja ya shule, siku moja ya mwisho wa wiki na siku moja ya likizo. Kwa kila saa andika mtoto yuko wapi, yuko na nani, na ni nani mwingine angeweza kuingia hapo bila kubisha hodi. Usimwache mtu nje ya orodha kwa sababu ni baba mdogo, ni mchungaji au ni ustadhi, kwani unachoandika ni nafasi zilizopo, hujamtuhumu mtu yeyote.

Ukimaliza, weka alama kwenye kila saa ambayo mtoto anabaki na mtu mmoja mkubwa kuliko yeye mahali pasipoonekana. Wazazi wengi hutarajia kuona alama mbili tatu, kisha wanakuta kwamba safari ya bodaboda ya alfajiri, tuisheni ya jioni na saa mbili za kumsubiri mama atoke sokoni, zote zimo.

Fikiria pia mazingira yanayoongeza hatari kwa mtoto wako hasa. Mtoto anayelelewa na ndugu mbali na wazazi wake huogopa kusema asije akafukuzwa. Mtoto mwenye ulemavu anayehitaji kusaidiwa kuoga au kuvaa huguswa na watu wengi, na asiyesikia au asiyeongea vizuri hana njia rahisi ya kueleza. Mtoto anayekosa nauli au chakula cha mchana hununuliwa kwa kitu kidogo sana. Na mtoto ambaye nyumbani hupigwa kila anapokosea amekwisha kujifunza kwamba habari mbaya hazipelekwi kwa mzazi.

Usiwaruke wavulana. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba Tanzania Bara karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kufika miaka 18. Zanzibar, wavulana waliosimulia hayo walikuwa wengi kuliko wasichana. Familia inayomchunga binti na kumwachia kijana alale popote haijalinda watoto wake wote.

Hatua imefanikiwa unapoweza kutaja bila kusita, kwa saa yoyote ya juma, ni mtu gani yuko na mtoto wako.

## Hatua ya 2: Ondoa upweke wa siri

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi kwa sababu inagusa nafasi, fedha na ukarimu.

Malazi. Watoto walale na watoto wenzao wanaokaribiana umri, na ikiwezekana wavulana na wasichana watenganishwe wanapokaribia kubalehe. Kijana wa miaka 15 hapaswi kulala kitanda kimoja na mtoto wa miaka 5, hata kama ni mtoto wa shangazi yake, kwa kuwa sehemu isiyo ndogo ya ukatili huu hufanywa na vijana ambao wenyewe hawajafika miaka 18. Mgeni alale sebuleni kwenye mkeka, au wewe umpishe kitanda chako. Mtoto asiwe ndiye anayehamishwa au kubananishwa kila anapokuja mtu. Nyumba ya chumba kimoja haizuii jambo hili: mtoto hulala upande wa ukutani, mzazi akawa katikati.

Misiba, harusi na sherehe. Usiku wa msiba watoto hulazwa kwa wingi kwenye chumba chochote, watu wazima wako nje, na kila mmoja hudhani mwingine anaangalia. Teueni watu wazima wawili au watatu, wanawake kwa wanaume, ambao kazi yao usiku huo ni watoto tu, na chumba chao kibaki na taa. Sijui kwa nini kamati za harusi huwa na mtu wa vinywaji na mtu wa maturubai lakini hazina mtu wa watoto.

Bodaboda na basi la shule. Mtoto mdogo asipande bodaboda peke yake. Ikiwa hakuna njia nyingine, wapande watoto wawili wa nyumba jirani, na dereva awe anayejulikana kituoni kwake kwa jina na namba ya pikipiki. Kwenye basi la shule uliza kama yupo mhudumu wa kike, na ni mtoto gani anayepandishwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho, maana huyo hubaki peke yake na dereva.

Tuisheni na madrasa. Masomo ya ziada yafanyike sebuleni, barazani au darasani mlango ukiwa wazi, na kwa kikundi kuliko mtoto mmoja. Fika siku moja bila kutangaza. Mwalimu asiye na neno hatakasirika. Anayekasirika amekupa taarifa muhimu.

Bafu, choo na uani. Weka komeo na taa. Katika nyumba ya wapangaji wengi, mtoto asiende choo cha uani usiku bila mtu wake.

Bweni. Mwaka 2023 Serikali ilisitisha huduma ya bweni kwa wanafunzi wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Mzazi anayetafuta upenyo wa kulikwepa katazo hilo ajiulize ni nani humwogesha mtoto wake usiku.

Tahadhari: usizibe pengo moja kwa kufungua jingine. Mama anayemtoa mtoto kwa jirani na kumfungia ndani peke yake kutwa nzima amemhamisha tu.

Hatua imefanikiwa pale ambapo nusu au zaidi ya alama ulizoweka katika hatua ya 1 zimefutika, na zilizobaki unazijua kwa majina na unazifuatilia.

## Hatua ya 3: Watangazie watu wazima kanuni za nyumba

Anayetafuta mtoto wa kumdhuru mara nyingi haanzi na mtoto. Huanza na familia. Huwa msaidizi, hujitolea kumpeleka mtoto shule, hulipa deni la dukani, huleta zawadi. Baadaye huanza kuwa na siri ndogo na mtoto, kama soda ambayo mama asijue au mchezo wa simu uliokatazwa, kisha humgusa kwa njia inayoonekana kama utani ili aone kama mtoto atasema na kama nyumba itashtuka. Nyumba inayozungumza kanuni zake waziwazi humfanya mtu wa namna hiyo aende zake mapema.

Sema maneno machache, kwa watu wote, kwa sauti ya kawaida: "Hapa kwetu mtoto haingii chumba cha mtu mzima peke yake. Zawadi zinapitia kwangu au kwa baba yake. Mtoto akisema hataki kupakatwa, tunamwacha. Na hakuna siri na mtoto." Waambie babu na bibi, mjomba, kaka zako, na rafiki wa familia, wala usichague wa kuambiwa na wa kuonewa haya.

Kuna utani wa asili ambao babu humwita mjukuu "mke wangu" na bibi humwita mjukuu "mume wangu". Kwa wazee wengi ni mapenzi tu, na sishauri kuwavunjia heshima. Hata hivyo utani huo unapoambatana na kushikwashikwa humzoesha mtoto jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulitumia kama kificho. Basi maneno yabaki, mikono iondoke.

Mfanyakazi wa ndani anahitaji kuambiwa kanuni hizi siku ya kwanza, na anahitaji kulindwa nazo pia. Mara nyingi ni binti aliye chini ya miaka 18, analala jikoni au sebuleni, na hana pa kwenda. Komeo la mlango ni lake pia, na namba 116 ni yake pia.

Hatua imefanikiwa mtu mzima mwingine anapozirudia kanuni hizo mbele ya wageni kabla yako.

## Hatua ya 4: Mfundishe mtoto, kidogo kidogo

Mafundisho ya mara moja hayashiki. Tumia muda wa kuoga, kusuka nywele au kukunja nguo, dakika chache kila juma.

Kati ya miaka 3 na 5, mtoto ajue majina halisi ya viungo vyake: uume, uke, matako, kifua. Majina ya kuficha kama "nanii" huonekana ya adabu, lakini mtoto anaposema kwamba mjomba amemshika nanii, mwalimu hawezi kuelewa na polisi hawezi kuandika. Ajue pia kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo za ndani haziguswi na mtu, isipokuwa mzazi au mlezi anapomsafisha, au daktari mzazi akiwepo.

Kati ya miaka 6 na 9, mfundishe kutofautisha jambo la kushtukiza na siri. La kushtukiza, kama zawadi ya sikukuu, huisha kwa watu wote kujua; siri ya mwili au ya zawadi isemwe hata kama ameapishwa, hata kama ametishiwa kwamba mama atakufa. Vitisho vya aina hiyo vitaje wewe mwenyewe mapema, ili siku akivisikia kwa mtu mwingine avitambue. Chagueni pamoja watu watatu wa kuambiwa, mmoja wao akiwa yule asiyeishi nyumbani, na mwambie kwamba wa kwanza asipomsikiliza aende kwa wa pili.

Kuanzia miaka 10, ongeza balehe, mimba, na namna zawadi ya simu au chipsi hugeuka kuwa deni. Zungumza na mvulana mambo hayohayo, na mwambie waziwazi kwamba mwili unaweza kuitikia mguso hata pale mtu hakutaka, na kwamba hilo halimfanyi awe na hatia.

Suala la adabu linahitaji uamuzi wako. Mtoto atoe shikamoo kwa kila mkubwa, hiyo ni heshima. Lakini asilazimishwe kukaa mapajani, kubusu wala kukumbatia. Ukimlazimisha sebuleni mbele ya watu, umemfundisha kwamba mtu mzima akitaka mwili wake yeye hana sauti.

Fanyeni mazoezi. Muulize, "Kaka wa jirani akikuita ndani akupe chaja, utafanyaje?" Asijibu tu, asimame, aseme "sitaki", akimbilie mahali penye watu, aje akusimulie.

Tahadhari: usimwambie kwamba asipokataa ni kosa lake. Watoto wengi huganda kwa hofu, na mtoto aliyefundishwa kwamba wajibu wa kuzuia ni wake ataona aibu na kunyamaza.

Hatua imefanikiwa mtoto anapokuletea mambo madogo bila kuulizwa. Mtoto anayesimulia kwamba mwenzake amemnyang'anya penseli ataweza kusimulia makubwa.

## Hatua ya 5: Simu

Simu itumike sebuleni, isilale na mtoto. Zuia ujumbe kutoka kwa watu wasiojulikana katika michezo na mitandao, na mweleze kwamba mtu akimwomba picha ya mwili, hata kama anajionyesha kuwa mtoto mwenzake, akuonyeshe ujumbe huo papo hapo. Jambo likitokea, usifute chochote na usisambaze picha hizo hata kwa nia ya kuomba msaada, kwa kuwa kusambaza picha za ngono za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Peleka simu yenyewe polisi.

## Hatua ya 6: Zijue dalili bila kuzitegemea

Maumivu au damu sehemu za siri, kutokwa na uchafu, kukojoa kitandani baada ya kuacha, kuogopa mtu au nyumba fulani ghafla, kushuka darasani, kuwa na vitu visivyojulikana vilikotoka, na kujua mambo ya ngono yasiyolingana na umri wake, yote yanahitaji kuulizwa kwa upole. Hakuna hata moja linalothibitisha peke yake. Wala usimkague mtoto mwenyewe nyumbani: watoto wengi waliodhurika hawaonyeshi jeraha lolote hata kwa daktari, kwa hiyo kutoona kitu si ushahidi kwamba hakikutokea.

## Hatua ya 7: Mtoto akisema

Hapa ndipo familia nyingi huharibu, na mara nyingi kwa nia njema. Fuata mpangilio huu.

1. Msikilize ukiwa umetulia. Sema "Asante kwa kuniambia, hujakosea, nakuamini." Ukipiga kelele atadhani unamkasirikia yeye, na anaweza kuyafuta maneno yake.

2. Uliza kidogo. "Ilikuwaje?" inatosha. Usimtajie jina la mtu wala kitendo, kwani mahakamani itadaiwa kwamba ulimlisha maneno. Andika alichosema kama alivyosema, na tarehe na saa.

3. Mtenge na mtuhumiwa. Usimwite mtuhumiwa kumhoji, wala usiwakutanishe "ili ukweli ujulikane".

4. Usimwogeshe, usifue nguo. Ikiwa tukio ni la siku chache zilizopita, nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au zifungwe kwa khanga safi. Mfuko wa plastiki hushika unyevu na kuharibu vielelezo.

5. Nenda hospitali na polisi ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya muda huo, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyosaidia. Msichana aliyekwisha balehe hupewa pia kinga ya dharura ya mimba, ambayo mwisho wake ni saa 120. Polisi hutoa fomu namba 3, yaani PF3, ambayo daktari huijaza. Mtoto akiwa anavuja damu au ana maumivu makali, tangulia hospitali, na mtu mwingine afuate fomu. Saa 72 zikiwa zimepita nenda vilevile, kwa sababu tiba na ripoti bado vina maana.

6. Chukua namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, uliyopewa kituoni na jina la askari anayeshughulikia, uviandike kwenye daftari.

Kisha litakuja shinikizo la kumaliza kifamilia. Wazee watakaa, fidia itatajwa, pengine hata ndoa, na utaambiwa kwamba unabomoa ukoo. Kujamiiana na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama inadaiwa aliridhia, adhabu yake kwa mtu mzima haipungui miaka 30 jela, na ikiwa ana umri chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kumlawiti mtoto wa jinsia yoyote nako ni kosa la jinai. Kikao cha ukoo hakina mamlaka ya kufuta hayo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka kila mwanajamii anayeona haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa. Ukiambiwa kwamba neno la mtoto halina uzito, fahamu kwamba Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyedhurika peke yake, endapo mahakama imeridhika kwamba anasema kweli na imeandika sababu zake.

Hatua imefanikiwa mtoto anapokuwa ametibiwa, ripoti ina namba, na mtuhumiwa hana njia ya kumfikia.

## Hatua ya 8: Wiki na miezi inayofuata

Dawa za kuzuia VVU humezwa siku 28 bila kuruka, na zinaweza kuleta kichefuchefu. Usizikatishe bila kumwuliza mhudumu. Rudi kwa vipimo tarehe zote zilizoandikwa. Omba unasihi kupitia afisa ustawi wa jamii, kwa mtoto na kwako pia.

Mrudishe mtoto kwenye ratiba yake mapema: shule, michezo, kazi ndogo za nyumbani. Asihamishwe kwa bibi kijijini huku mtuhumiwa akibaki na maisha yake yaleyale, maana mtoto huielewa safari hiyo kama adhabu. Habari zake zisigeuzwe mazungumzo ya majirani. Wanaohitaji kujua ni mwalimu mmoja, mlezi mmoja na wahusika wa kesi.

Kesi nyingi hufa kwa mashahidi kutofika mahakamani. Andika kila tarehe ya kesi, weka nauli kando, na ukishindwa kufika toa taarifa mapema kwa askari au mwendesha mashtaka. Ukiona kimya kirefu, nenda Dawati la Jinsia na Watoto ukiwa na namba ya RB, na usipopata jibu panda kwa mkuu wa kituo au piga 116.

Daftari la hatua ya 1 lifunguliwe upya kila likizo inapoanza, kila mnapohama nyumba, kila anapokuja msaidizi mpya, na kila mzazi mmoja anaposafiri kwa muda mrefu.